Makofi ya Kwavyura

Jina la nchi yenyewe sitalitaja, maana nina familia na bado naipenda. Tuiite Nchi Ile. Na wewe unayedhani umekwisha kuitambua, nakuomba unyamaze kama ninavyonyamaza mimi.

Nchi Ile ilibarikiwa milima, mito na viongozi, na viongozi ndio waliokuwa wengi zaidi. Kwa kuwa kila kiongozi alistahili kupigiwa makofi, viganja vya wananchi vilikuwa vigumu kama nyayo. Sheria yao kubwa ilikuwa moja tu: kitu si kitu mpaka kizinduliwe. Daraja lisilozinduliwa halivukwi, kisima kisichozinduliwa hakichotwi. Kulikuwa na choo kimoja sokoni kilichokaa na utepe mlangoni tangu kijengwe, watu wanakipita mbio wakielekea vichakani, wakimsubiri mkubwa mwenye nafasi. Hakuna aliyelalamika. Utaratibu ni utaratibu.

Sasa chini kabisa ya mji mkuu, pale maji ya mji mzima yanapokwenda kupumzika, palikuwa na mtaa ukiitwa Kwavyura. Kwenye ramani ya serikali palikuwa ni msitu. Ukipita wewe ungeona mabati, moshi, kamba za nguo na watoto wasio na idadi, lakini hayo ni macho yako. Ramani ilisema msitu, na ramani haibishani na mtu.

Humo msituni ndimo alimoishi Sikudhani, mjane, mwuza maandazi, mwenye sauti ya kumwita mteja aliye ng'ambo ya mto akavuka. Aliishi na mama mkwe wake, Bi Nunu, ambaye miguu ilikwisha kumgomea zamani ila ulimi haukuwahi kugoma hata siku moja. Mume wa Sikudhani alipofariki alimwachia jiko la mkaa, deni la kanzu na mama huyo. Jiko lilitoboka, deni lilisamehewa, mama akabaki. Sikudhani alimpenda Bi Nunu kuliko alivyompenda marehemu, na wala hakuona haya kusema.

Mwaka wa mvua kubwa maji yaliingia Kwavyura bila hodi. Sikudhani alirudi mbio kutoka sokoni akamkuta mkwewe kitandani, amening'inia kwenye kamba ya chandarua, maji yamemfika kidevuni, anatukana.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?" alimwuliza. "Nimewatukana wakubwa wote mpaka nimeishiwa, nikaanza kuwarudia."

Sikudhani alicheka, kisha akalia, akalia sana. Siku hiyo alikula kiapo: mama huyu atakufa kwa siku yake, si kwa maji ya watu wa juu.

Ndipo wanawake wa Kwavyura walipochimba mtaro. Walichimba kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa nguvu zake bila malipo, wakigombana kutoka mwanzo hadi mwisho, huyu akitaka mtaro upite kwa yule na yule akitaka upite kwa huyu, mpaka wakaufikisha mtoni. Kingoni walipanga magunia ya udongo wakapanda mchicha na matembele, na magunia yakawa yanalisha nyumba na kubakiza cha kuuza. Kila nyumba ikaweka matofali uvunguni. Kule juu kabisa, karibu na kalavati, alikaa Shebughe, fundi viatu mwenye macho mazuri na maneno machache. Akiona maji yanashuka, alikamata sufuria na mwiko akagonga. Jirani akisikia naye agonge, na jirani wa jirani, hadi chini. Kugonga polepole maana yake pandisha vitanda juu ya matofali. Kugonga haraka maana yake acha kitanda, beba mtu.

Msimu uliofuata mvua ilinyesha, maji yakapita mtaroni yakaenda zake. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyehama, hata vyura walinung'unika. Na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

*

Nchi Ile ilikuwa na Wizara ya Ustahimilivu. Iliundwa baada ya wageni wa nchi za mbali kusema kwamba tabianchi imebadilika na wanyonge lazima wastahimili. Viongozi walifurahi mno. Walikuwa wamewafundisha wanyonge kustahimili miaka yote hiyo bila malipo, kumbe ni utaalamu.

Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Majigambo. Hilo ni jina la ukoo, si sifa, na aliyecheka ajirekebishe.

Siku moja wizara ilimtuma Mhandisi Lukindo kuendesha semina Kwavyura. Alikuja na viatu vyeupe, kipaza sauti na chupa za maji za kutosha kuanzisha mafuriko mengine. Watu walikaa chini ya turubai. Sikudhani alikaa mbele kwa sababu alikuwa amepewa zabuni ya maandazi.

"Ndugu wananchi," alianza Mhandisi, "ustahimilivu ni nini? Ustahimilivu ni ile hali ya mtu kupigwa asianguke."

Makofi.

Sikudhani alinyoosha mkono. "Samahani, baba. Na kama asipopigwa?"

Mhandisi alimtazama kwa huruma. "Mama, asipopigwa tutapimaje?"

Akaeleza kwa upole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Mwaka wa mvua kubwa Kwavyura iliongoza nchi nzima kwa ustahimilivu. Watu walikaa juu ya mapaa siku nyingi na picha zao zikasafiri Ulaya. Msimu huu ustahimilivu umeporomoka. Hakuna aliyepanda paa. Hakuna aliyeokolewa. Wizara imesikitika sana, tena katika mwaka huu ambao wageni wanakuja kuona kwa macho yao.

"Lakini sisi tumechimba mtaro," alisema Sikudhani.

"Ndiyo hapo mlipokosea," alisema Mhandisi. "Lakini msijali. Serikali yenu sikivu imeshachukua hatua."

Hatua yenyewe ilikuwa jukwaa. Wageni hawawezi kuona ustahimilivu wakiwa wamesimama kwenye tope kama wastahimilivu wenyewe. Walihitaji jukwaa la zege, pana, lenye ngazi. Na katika Kwavyura nzima palikuwa na mahali pamoja tu tambarare: pale mtaro unapomwaga maji mtoni.

Watu walipiga makofi kwa mazoea. Sikudhani hakupiga. Alikuwa anapima kwa macho umbali wa kutoka mdomo wa mtaro hadi kitanda cha Bi Nunu.

*

Kesho yake alivaa khanga yake ya kwendea harusi akaenda wizarani. Hakuwa anataka makubwa. Alitaka waache tundu chini ya jukwaa, hata la kupita paka, ili maji yapate njia.

Ofisi ya kwanza walimwambia matundu ni Idara ya Matundu. Idara ya Matundu wakamwuliza kama tundu lake litakuwa na maji ndani. Akasema ndiyo, ndiyo shabaha yake. Wakasikitika: tundu lenye maji ni la Idara ya Maji. Idara ya Maji walimpokea vizuri, wakampa kiti, wakamweleza kwamba wao hushughulika na maji ambayo hayajafika. Yakishafika ni maafa.

Mwishowe alifikishwa kwa Mhandisi Lukindo, aliyekuwa anachagua rangi ya mazulia.

"Mwanangu," alisema Sikudhani, maana alimzidi umri, "mkiuziba ule mtaro mtatuua. Nina mgonjwa ndani. Hatembei."

"Mtaro upi, mama?" Alifungua ramani. "Hapa naona msitu."

"Haya. Na jukwaa mnajenga msituni?"

"Jukwaa halimo kwenye ramani, mama. Jukwaa limo kwenye bajeti." Kisha akashusha sauti, kama mtu anayetoa siri kwa mapenzi. "Na mvua isikutie hofu. Siku ya sherehe haitanyesha. Mkurugenzi wa Hali ya Hewa ameshaagizwa, na amekubali kimsingi."

Sikudhani alikaza khanga yake akarudi nyumbani. Alipomsimulia mkwewe, Bi Nunu alicheka mpaka akapaliwa.

"Wameiagiza mvua! Na mimi waniagizie miguu basi."

"Mama, mimi naogopa," alisema Sikudhani.

Bi Nunu aliacha kucheka. Alimshika mkono, akaufinya. "Na mimi naogopa, mwanangu. Ila nikinyamaza ndiyo nitaogopa zaidi. Nikaangie andazi."

*

Jukwaa lilijengwa haraka ya ajabu. Magunia ya mchicha yaliondolewa kwa sababu yalionekana ya kimaskini, na mahali pake ikaletwa miti kwenye vyungu. Miti ile ilikuwa mali ya wizara na ilikuwa imepandwa sherehe nyingi nchi nzima. Kila kiongozi akishamaliza kupanda, hung'olewa, ikafutwa vumbi, ikarudishwa stoo. Mmojawapo, mwembe, ulikuwa umesafiri kuliko Waziri mwenyewe na ulionekana umechoka.

Kisha zikahitajika bustani za maua kuzunguka jukwaa, na bustani zikahitaji matofali. Vijana wa wizara walipita nyumba hadi nyumba wakayachomoa matofali yote ya uvunguni. "Ni mchango wenu wa hiari," walisema wakiwa tayari wameyabeba. Kila mwenye nyumba alipewa fulana iliyoandikwa kifuani MIMI NASTAHIMILI.

Sikudhani alipewa fulana mbili, kwa kuwa alichaguliwa kuwa Mwanamke Mstahimilivu wa Mfano. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya wageni na kusema, "Zamani nilikuwa naogopa maji, sasa maji yananiogopa mimi." Aliikariri sentensi ile akihisi anameza mfupa.

Siku ya sherehe kweli mvua haikunyesha Kwavyura. Jua lilitoka likatii. Mhandisi Lukindo alimtazama Sikudhani kwa macho ya nilikwambia. Wageni waliketi chini ya mahema mbele ya jukwaa, wamevishwa mataji ya maua, wakijipepea. Wananchi walisimama nyuma. Bi Nunu alibaki kitandani kwake, katika nyumba iliyo jirani tu na uwanja, mlango wazi ili asikie upuuzi vizuri, kama alivyosema mwenyewe.

Waziri Majigambo alipanda jukwaani. Mbele yake, kwenye ngazi, ulifungwa utepe mwekundu, maana jukwaa lenyewe lilikuwa halijazinduliwa, hivyo yeye alipandishwa kwa nyuma, kwa ngazi ya kuegemeza, akisukumwa na wasaidizi.

"Wageni waalikwa, wanamazingira, wastahimilivu!" alinguruma. "Nchi nyingine zinajenga kuta. Nchi nyingine zinajenga mabwawa. Sisi tunajenga watu! Mtu wetu akimwagiwa maji, anasema asante, nilikuwa na kiu!"

Makofi.

"Walikuja mabeberu wakasema joto litapanda. Nikawaambia, lipande! Litatukuta juu!"

Makofi zaidi. Mgeni mmoja alimwuliza mkalimani jambo, mkalimani akatabasamu tu.

Sasa wewe msomaji unajua, na mimi najua, kwamba mvua iliagizwa isinyeshe Kwavyura. Milimani hakuna aliyeiagiza kitu. Huko ilikuwa inamwaga tangu alfajiri.

Kutoka juu, mbali, ikasikika sufuria. Ko. Ko. Ko. Polepole.

Sikudhani aligeuza shingo. Sufuria ya pili ikaitikia, na ya tatu. Wananchi wakaanza kutazamana.

Waziri alinyamaza akatega sikio. Uso wake ukafunguka. Katika maisha yake ya siasa alikuwa amepigiwa makofi, vigelegele, tarumbeta na risasi za furaha, ila hakuwahi kupigiwa sufuria na watu waliokuwa hata hawamwoni. Aliweka mkono kifuani akainama.

"Asanteni," alisema kwa hisia. "Mnanitia machozi. Nilitaka kumaliza, lakini kwa mapokezi haya naanza upya."

"Mheshimiwa!" Sikudhani alipiga kelele kutoka mbele. "Mheshimiwa, maji!"

Msaidizi alikimbia akampelekea Waziri chupa. Akanywa, akashukuru.

Sufuria zikabadilika. Kokokokoko! Mtaa mzima ukaitikia, kila nyumba, kila mwiko, na Waziri, binadamu naye, akashindwa kujizuia. Akaanza kucheza. Wasaidizi wakacheza kwa kuwa yeye anacheza, na Mhandisi Lukindo akacheza kwa viatu vyeupe, mpaka kitu cha baridi kilipoingia ndani ya kile cha kulia.

Maji yalikuja kwa mtaro kama yalivyozoea, yakateremka kwa adabu, yakafika kwenye jukwaa, yakakuta mlango umefungwa. Yakarudi nyuma kuuliza kulikoni.

*

Sikudhani hakungoja. Aliruka viti, akavuka uwanja maji yakimfika magotini, akaingia ndani. Kwa mazoea aliinama uvunguni kutafuta matofali. Hayakuwamo. Yalikuwa nje, yamezunguka maua.

"Mikono ya kukubeba peke yangu nitaitoa wapi?" alilia. "Mama, nifanyeje?"

"Acha kuniuliza mimi, mimi nimelala," alisema Bi Nunu. "Ita watu!"

Ile sauti ya kuvusha wateja mto haijawahi kufanya kazi kama siku ile. Walikuja majirani, wamevaa fulana zao za MIMI NASTAHIMILI, wakashika kitanda pande zote na Bi Nunu juu yake. Wapeleke wapi? Mapaa yalikuwa ya mabati mabovu, yasingehimili kitanda. Katika Kwavyura nzima sasa palikuwa na mahali pamoja tu pa juu.

Wakampandisha jukwaani. Utepe ulikatika kwa mguu wa kitanda, na hiyo ni kesi ambayo mpaka leo haijafunguliwa kwa sababu faili halijulikani ni la idara gani.

Jukwaani walikuwa wamekwisha kujazana: wageni na mataji yao, wasaidizi, mkalimani, ule mwembe uliochoka, na Waziri katikati. Kitanda cha Bi Nunu kikawekwa ubavuni pake. Maji yalikuwa yanapanda ngazi moja moja bila haraka, kama mgeni rasmi.

"Bibi," alisema Waziri, akiwa bado anatafuta kamera, "waambie wageni unajisikiaje."

"Najisikia nimebebwa," alisema Bi Nunu. "Wewe je?"

Waziri alitazama chini. Maji yalikuwa yameingia soksini.

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, akitweta, "maji yamezibwa na hili jukwaa. Tulitoboe katikati yatoke yaende mtoni. Tafadhali. Kuna watoto kule nyuma juu ya meza."

"Haiwezekani!" alidakia Mhandisi Lukindo. "Jukwaa halijazinduliwa. Kitu kisichozinduliwa hakipo kisheria, na kisichokuwapo hakibomolewi."

"Ni kweli," alisema Waziri kwa masikitiko. "Mikono yangu imefungwa."

Maji yakapanda ngazi nyingine. Sikudhani alimtazama mkwewe, aliyekuwa ameshika kingo za kitanda kwa vidole vilivyokakamaa na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hasemi. Hasira ilimpanda Sikudhani mpaka kooni, alitamani amtupe mtu mtoni, na alijua ni nani. Kisha akakumbuka yuko nchi gani. Akaimeza. Akapiga goti, ndani ya maji, akapaza sauti ya sokoni.

"Mheshimiwa Waziri! Kwa niaba ya akina mama wa Kwavyura, tunakuomba kwa heshima na taadhima utuzindulie mtaro!"

Waziri aligeuka. "Mtaro gani?"

"Mtaro wako, Mheshimiwa! Mtaro wa Majigambo! Unapita hapa hapa chini ya miguu yako. Umekamilika, unasubiri mkono wako tu."

Kitu kikawaka usoni pa Waziri. Alinyoosha tai. "Mbona sikuambiwa?" alimkaripia Mhandisi. "Watu wamekuja na kitanda kusubiri mtaro!"

Wakati huo jirani mmoja alikuwa ameshachukua sururu ya kuchimbia mashimo ya mwembe. Sikudhani akamkabidhi Waziri kwa mikono miwili. Ikatafutwa kamera. Likatafutwa tabasamu.

"Kwa mamlaka niliyopewa," alisema Waziri, maji yakimpapasa magoti, "natamka kwamba mtaro huu umezinduliwa rasmi!" Akapiga pigo moja dogo la kiheshima.

Zege likapasuka kama kaukau za viazi.

Kumbe mkandarasi, mtu mwenye moyo wa familia, alikuwa ameipeleka saruji nyingi nyumbani kwake na kuacha mchanga ufanye kazi ya wawili. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Nchi Ile wananchi walimshukuru mwizi wa saruji kwa dhati. Akina mama waliivamia ile nafasi kwa sururu, kwa miguu ya viti, kwa vyungu vya miti ya wizara. Jukwaa likaachia katikati. Maji yakashusha pumzi, yakapita, yakaenda mtoni yakiwa yamebeba zulia, mataji ya maua na kiatu kimoja cheupe.

Sikudhani alikaa kitandani kando ya mkwewe, akamkumbatia.

"Umempigia goti yule?" Bi Nunu alimnong'oneza.

"Nimempigia, mama."

"Osha hilo goti tukifika nyumbani."

*

Wageni walisema hawajawahi kuona ustahimilivu wa namna ile. Waziri aliyekaa majini bila kuacha kuhutubia! Wakampa nishani, na kwa kuwa alilowa, akawekwa pia kwenye orodha ya waathirika, akapelekwa kupumzika nchi kavu. Mtaro ukabandikwa kibao chenye jina lake. Kwa kuwa ulizinduliwa na yeye, sasa hakuna wa kuuziba. Ramani ilirekebishwa, na katikati ya msitu ukachorwa Mtaro wa Majigambo. Magunia ya mchicha yakarudi. Matofali yakarudi uvunguni, mengine yakiwa na maua bado.

Ningeweza kuishia hapo tukapongezana. Lakini serikali ya Nchi Ile haikuwahi kuacha jambo zuri likae peke yake.

Waziri hakuisahau ile sauti. Aliwasimulia wenzake kwenye baraza la mawaziri, nao wakaona wivu. Ikapitishwa kwamba makofi ya viganja yamepitwa na wakati, na kuanzia sasa kila mwananchi ampongeze kiongozi kwa sufuria. Basi zikalia. Zikalia akipita mbunge, zikalia likizinduliwa tangi, zikalia siku kiongozi alipopona mafua. Hata kile choo cha sokoni kilifunguliwa hatimaye kwa kishindo cha sufuria na masufuria, na mkubwa wa kwanza kuingia alishangiliwa mpaka akashindwa.

Kwavyura hawakucheka. Shebughe akigonga kule juu, nani atajua ni maji na nani atajua ni diwani? Wakati fulani watu walipandisha vitanda kumbe amepita katibu kata. Mara nyingine waliendelea kukaanga maandazi, na maji yakawakuta wamekaa. Siku hiyo Sikudhani alimwinua mkwewe godoro likiwa limeshaanza kulowa.

Wakaitana kikao, kando ya kitanda cha Bi Nunu. Mmoja akapendekeza filimbi. Waamuzi wa mpira wanazo. Mwingine akapendekeza mayowe. Mayowe Kwavyura yalikuwepo kila siku, kwa mambo ya wanandoa.

"Tutafute sauti," alisema Sikudhani, "ambayo mtu wa hapa hawezi kuitoa kwa hiari yake, hata akilewa. Ikisikika tu, kila mmoja ajue kuna hatari."

Bi Nunu ndiye aliyeanza kucheka, taratibu, bega likimtikisika, mpaka akalazimika kupewa maji ya kunywa.

Masika yalipoingia, siku moja mchana, Waziri Majigambo alikuwa anapita barabara ya juu ndani ya gari lake, vioo vimefungwa, mvua inanyesha bila idhini. Akasikia kitu. Akateremsha kioo. Kutoka kwa Shebughe kwenye kalavati, na jirani yake, na jirani wa jirani, hadi chini kabisa mtoni, Kwavyura nzima ilikuwa inaimba kwa sauti ya kukaza mishipa:

"Asante Waziri! Waziri hoyee! Asante Waziri!"

Hakuna aliyewalipa. Hakuna aliyewaita. Waziri Majigambo aliguswa hadi machozi yakamtoka. Alitoa mkono nje, kwenye mvua, akawapungia watu wake.

Chini mlangoni, Sikudhani alimwona. Alimpungia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika mguu wa kitanda.

"Imba, mwanangu, imba!" alipiga kelele Bi Nunu kutoka juu ya godoro. "Na hilo tofali lisogeze kidogo, bado nayumba."